Ganda na Kichwa: Juu ya Kuhifadhi Makombora ya Kale

Miongoni mwa vitu ambavyo nyumba zetu za makumbusho huviweka mbele ya macho ya watu, hapana vitazamwavyo sana na kuelezwa kidogo kama silaha za kale. Kigae cha chungu kilichofukuliwa Ras Mkumbuu huwekewa kijibao cha maelezo, na mtazamaji akapata kujua umri wake na kilikotoka. Mzinga huachwa ujieleze wenyewe. Huwekwa mlangoni, mdomo wake ukaelekezwa baharini, ukapakwa rangi nyeusi kila sherehe inapokaribia, na watoto wakaupanda kama punda. Aulizaye huambiwa kuwa huo ni mzinga wa zamani, nalo ni jambo alilokwisha kulijua kabla hajauliza.

Katika makala haya tunakusudia kuihakiki desturi hiyo. Hatukusudii kuwalaumu watumishi wa makumbusho. Sisi wenyewe tumo katika utumishi wa Serikali kwa miaka mingi, na tunajua jinsi fungu la fedha linavyotoka ofisi kuu kwa kishindo na kufika wilayani likinong'ona. Tunalolihakiki ni fikra iliyo nyuma ya maonyesho, yaani tunapoweka silaha mbele ya wananchi tunataka waone nini. Tutachukua tawi moja dogo la jambo hili, nalo ni makombora ya vifaru na ya mizinga yaliyokwisha kutolewa baruti na kuwekwa kuwa mapambo au ukumbusho. Tumelichagua kwa kuwa ni nadra kuhakikiwa, na pia kwa kuwa lilipata kutufikia hadi mlangoni kwetu Wesha, kama tutakavyoeleza.

Yafaa kwanza msomaji ajue kombora la kifaru ni kitu gani. Wengi hulidhani kuwa ni risasi kubwa, na hapo hawakukosea sana. Lina sehemu mbili. Ya kwanza ni ganda, yaani kopo refu la shaba ya manjano au la chuma, ambalo ndani yake hutiwa baruti ya kusukumia, na katika kitako chake kuna kiwashio kinachopigwa na sindano ya mzinga. Ya pili ni kichwa, kile chuma kizito kilichochongoka. Vichwa vingine ni chuma kigumu cha kutobolea deraya ya adui, na vingine hujazwa baruti kali na kutiwa fyuzi ili vipasuke vikifika. Kombora zima la mzinga wa milimita 100, kama ule wa vifaru vya Aina ya 59 vilivyotengenezwa China na kutumiwa na Jeshi letu katika vita vya Kagera, lina uzito wa yapata kilo 30, na nusu ya uzito huo ni kichwa. Kifaru kimoja huchukua makombora 34. Mzinga ukishalia, kichwa huenda zake, na ganda hurudi nyuma likaanguka ndani ya kifaru kile kile, lina moto na linatoa moshi.

Kombora la kuonyeshwa hapana budi lifishwe. Baruti hutolewa, kiwashio hupigwa au kuondolewa, kichwa hukombwa ndani kikasafishwa, na mara nyingi ganda hutobolewa tundu ili kila mtu aone kuwa ni tupu. Wako watu huko Uingereza, Marekani na kwingineko ambao katika saa zao za mapumziko hukusanya makombora yaliyofishwa namna hiyo, hasa ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Huyang'arisha, huyapanga kwa unene wake, na huyasoma. Kitako cha ganda kina mihuri: unene wa mzinga, mwaka, alama ya kiwanda, nambari ya fungu la utengenezaji. Mkusanyaji hodari huisoma mihuri ile kama mwanachuoni asomavyo ukurasa wa mwisho wa msahafu ulioandikwa kwa mkono, akajua nani aliunakili na katika mwaka gani.

Elimu hiyo si ya kudharauliwa. Jeshi la Idi Amin lilikuwa na vifaru vya Kirusi vya T-55, lakini lilikuwa pia na vifaru vya Sherman vya Marekani, vilivyoundwa wakati wa Vita Kuu ya Pili na kufika Uganda kwa njia ya Israeli. Mwenye kujua kusoma kitako cha ganda lililookotwa njiani angeweza kuifuata safari hiyo ndefu, kutoka kiwanda hadi kiwanda na kutoka nchi hadi nchi, pasipo kuuliza mtu. Sisi tunawasifu wakusanyaji kwa hilo. Lakini usomaji wao huishia kitakoni, na hapo ndipo tunapoachana nao. Walichokifisha si baruti peke yake.

Turudi Wesha. Wesha ni bandari ndogo ya Pemba, magharibi ya mji wa Chake Chake. Atokaye hapo kwa mashua aweza kwenda Ras Mkumbuu au Misali. Vita vya Kagera vilipiganwa mbali sana nasi. Majeshi ya Amin yalivuka mpaka tarehe 30 Oktoba 1978, na Kampala ikatekwa tarehe 11 Aprili 1979, na sisi tuliokuwa watoto wa shule tulivisikia vita hivyo kwa redio, kwa nyimbo na kwa magwaride. Mtu mmoja wa mtaani kwetu alikwenda na akarudi. Jina lake tunalihifadhi. Tulimwita Ami, kama tulivyowaita wanaume wote wa rika la baba zetu. Alikuwa mpakiaji katika kifaru, yaani yule anayelibeba kombora mikononi na kulisukuma ndani ya mzinga. Katika vitu alivyorejea navyo lilikuwamo ganda moja la shaba ya manjano, urefu wake si chini ya sentimeta 60. Hatukumwuliza alilipataje, na hata leo hatuoni sababu ya kumhukumu. Aliliweka nyuma ya mlango wa mbele na akatia ndani yake bakora zake.

Ganda likawa kitu cha nyumba. Kila ikikaribia Idi mkewe alilisugua kwa ndimu na majivu mpaka likang'aa. Sisi watoto tuliligonga kwa ufunguo likalia kama kengele, tukafukuzwa, tukarudi. Siku moja mwenzetu, ambaye hakuwa na haya, akauliza, "Ami, hili liliua watu wangapi?" Tulitaraji kugombwa. Ami akasema, "Hili halikwenda popote, mwanangu. Lilikuwa miguuni pangu. Lililokwenda ni lile jingine." Mwenzetu akauliza lilikwenda wapi. "Mimi nilikuwa napakia," akasema, "sikuwa na dirisha."

Wakati ule tulidhani kuwa anakwepa swali la mtoto. Ilitupitia miaka mingi ndipo tukaelewa kuwa alituambia kweli tupu, na kuwa katika maneno yale machache ilikuwamo hoja ambayo vitabu vya wakusanyaji tulivyopata kuvisoma havikuigusa. Ganda hubaki kwa aliyepiga. Kichwa huenda kwa aliyepigwa, na huko hupasuka kikapotea pamoja na alichokikuta. Kwa hiyo akusanyaye maganda, hata awe na maelfu, anakusanya habari za upande mmoja tu wa vita. Kabati lake la kioo linaweza kujaa, na upande wa pili usiwe na hata kipande. Wala si kosa la nia. Ni tabia ya kitu chenyewe, na asiyeijua tabia hiyo ataamini kuwa amehifadhi vita kumbe amehifadhi nusu yake, na nusu iliyo nyepesi.

Tukishika hoja hiyo mkononi tunaweza kuzipitia kumbukumbu zetu moja moja.

Tuanze na Unguja. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilipiga jumba la Sultani kwa muda wa dakika arubaini hivi, ili kumwondoa Sayyid Khalid bin Barghash aliyekuwa amejitawaza siku mbili kabla. Jumba liliungua, Beit al-Hukm ikaharibika, na meli ya Sultani iitwayo Glasgow ikazama bandarini. Watu kama 500 wa upande wa jumba waliuawa au kujeruhiwa. Kwa upande wa manowari alijeruhiwa vibaya baharia mmoja. Vita hivyo husimuliwa katika nchi za watu kama kichekesho, kuwa ndivyo vita vifupi kuliko vyote duniani, na msimulizi hutazama saa yake. Huo ni usimulizi wa ganda. Majina ya manowari tunayo: St George, Thrush, Racoon, Sparrow, Philomel. Jina la amiri wao tunalo. Lakini sisi hatujapata kuona jiwe wala ubao wenye majina ya wale waliokuwa ndani ya jumba, walinzi, watumwa, watumishi na watu wa mjini walioitwa kuja kulilinda, na tumetembea sana katika Mji Mkongwe.

Sasa linganisha na jambo la miaka 18 baadaye katika bandari ile ile. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga Unguja ikitengenezwa mitambo yake, ikaipiga na kuizamisha. Walikufa mabaharia 38. Makaburi yao yako katika kisiwa cha Chapwani, kiitwacho pia Kisiwa cha Makaburi, na yanatunzwa. Hatusemi kuwa hawakustahili, aliyekufa amekufa. Twasema tu kuwa bahari ni ile ile na mizinga ni ile ile, na tofauti ni nani aliyekuwa na kalamu.

Kisa hicho cha Pegasus ndicho kilichotupatia maonyesho yaliyo bora kuliko yote tuliyopata kuyaona katika pwani hii, nayo yako Mombasa, katika Ngome ya Yesu. Hapo umewekwa mzinga wa Königsberg, wa milimita 105, na mzinga wa Pegasus. Aliyepiga na aliyepigwa wamewekwa mahali pamoja, na mtazamaji hawezi kuutazama mmoja bila ya kumkumbuka mwenzake. Ni fikra njema, hata kama haikutokana ila na wingi wa nafasi katika ua wa ngome. Tuliposimama hapo tulihisi kwamba angalau kwa mara moja tumeonyeshwa pande mbili.

Hata hivyo pande zilikuwa tatu. Königsberg ilikwenda kujificha katika mikono ya Rufiji, ikazamishwa huko tarehe 11 Julai 1915, na Wajerumani wakaiopoa mizinga yake yote kumi, wakaifunga magurudumu na kuipigania nchi kavu. Mizinga ile haikujiendea. Ilikokotwa na watu, kwa kamba, katika matope na milima, watu wa Rufiji, wa Uzaramo, wa Usukuma na wa kwingineko, nao upande wa Kiingereza walikuwa na wapagazi wao wasiohesabika, ambao makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na homa. Mzinga ulio Mombasa hauwezi kumwambia mtazamaji habari za bega lililouvuta. Habari hiyo tunayo katika neno moja tu, ambalo watu wa Dar es Salaam hulitaja kila siku wakienda kununua nyanya: Kariakoo, yaani jina la kikosi cha wapagazi, lililotamkwa kwa Kiswahili. Soko limehifadhi kile ambacho chuma hakikuhifadhi.

Mbele ya Beit al-Ajaib, lile jumba la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, iliwekwa kwa miaka mingi mizinga miwili ya Kireno ya shaba. Tunaitaja kwa sababu ni mfano wa nadra wa silaha yenye kusema zaidi ya mhuri wa kiwanda. Ina nembo ya mfalme wa Ureno, na mmoja wao una pia maandishi ya Kiajemi yahusuyo ushindi wa Waajemi huko Hormuz mwaka 1622. Yaani aliyepigwa aliuteka mzinga wa aliyempiga, akaandika juu yake kwa lugha yake, na mzinga ukaendelea na safari mpaka Unguja. Vizazi vya watoto wa Unguja viliukalia mzinga ule vikila urojo. Ni wangapi walioambiwa kuwa wamekalia maandishi?

Tumesema kuwa kichwa cha kombora hupotea pamoja na alichokikuta. Si kila mara. Huko Kyaka, mkoa wa Kagera, karibu na daraja lililovunjwa na majeshi ya Amin mwanzoni mwa Novemba 1978, yapo magofu ya kanisa lililopigwa katika vita vile, nayo yameachwa yasimame. Kuta zimebaki bila ya paa. Hapo hapana ganda la kung'arishwa. Pana mahali ambapo kichwa kilifika. Kwa maoni yetu magofu yale ni makumbusho ya vita yaliyo kamili kuliko kabati lolote la makombora, kwa kuwa yanamlazimisha mtazamaji asimame aliposimama aliyepigwa. Na kwa kuwa uhakiki usiotazama nyumbani si uhakiki, inatubidi tuongeze kuwa mji wa Masaka, ulioingiwa na majeshi yetu Februari 1979, nao uliharibiwa vibaya. Haki ya Tanzania katika vita vile haina shaka, tulivamiwa, tukajitetea. Lakini lile ganda la nyumbani kwa Ami, aliyesema kuwa hakuwa na dirisha, lilikuwa na mwenziwe aliyekwenda mahali. Makumbusho yasiyothubutu kuuliza mahali hapo ni wapi yangefaa yafungwe yawe ghala.

Hapa yatupasa tuseme kidogo juu ya fani yetu, maana tusije tukawa kama mvuvi anayemcheka mwenzake kwa mtego uliotoboka naye wake hauna kamba. Washairi wa Kiswahili wamehifadhi vita zaidi ya makumbusho. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, vita vya miaka ya 1888 na 1889, naye alikuwa mtu wa upande ule uliokuwa ukipigwa na manowari. Shaaban Robert, mtumishi wa Serikali kama sisi, alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru juu ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, uliochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake. Henry Muhanika alitoa mwaka 1981 utenzi wa vita vya Kagera na anguko la Idi Amin. Wahakiki wa tenzi hizi wamezipima kwa vina na mizani, na wanahistoria wamezipima kwa usahihi wa tarehe. Ni wachache waliozipima kwa swali la Ami, kwamba mtunzi amesimama wapi kombora linapotua. Tukilitumia swali hilo tutaona kuwa utenzi wa Hemedi una uzito ambao hautokani na ufundi peke yake. Mtunzi wake anaitazama manowari akiwa pwani. Hayumo ndani yake.

Watunzi wengi, nasi tukiwamo, hupenda kuandika mlio. Mizinga hunguruma, ardhi hutetemeka, na vina vya mwisho hupatikana kwa urahisi mno. Katika ujana wetu tulitunga beti zipatazo arubaini juu ya Kagera zilizojaa ngurumo za namna hiyo, na kwa kuwa tulikuwa na kiburi tulimsomea Ami kibarazani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Umetunga vizuri, mwanangu. Ila sisi mle ndani hatukuwa tukisikiliza. Tulikuwa tukihesabu." Tukamwuliza wakihesabu nini. Akasema, "Yaliyobaki." Beti zile hatukuzichapisha, na hatujuti.

Ikiwa msomaji ana shaka kuwa neno laweza kuhifadhi jeraha kuliko chuma, na aende Pujini. Ngome ya Pujini, inayokisiwa kuwa ya karne ya 15, leo ni maboma yaliyoporomoka na vichaka. Hapana mzinga wala upanga utakaoonyeshwa. Lakini hapana mtoto wa Pemba asiyejua habari za Mkama Ndume, mtawala wa hapo, na jinsi inavyosimuliwa kuwa aliwalazimisha watu kubeba mawe ya kujengea huku wakijikokota kwa makalio. Kama ilitokea hivyo hasa, wanahistoria watajua wao. Sisi tunaloliona ni kuwa watu wa kisiwa hiki, bila ya kabati wala kijibao, walichagua kuhifadhi kile kilichowapata waliobeba mawe. Ushindi wa Mkama Ndume, kama alipata kushinda, hausimuliwi.

Kabla ya kufika kwenye ombi letu tuna neno moja la tahadhari, kwani tusingependa makala haya yamtume kijana yeyote kwenda kutafuta makombora. Chuma cha vita hakizeeki kama mtu azeekavyo. Huko Virginia, Marekani, mwaka 2008, mkusanyaji mzoefu alikufa alipokuwa akisafisha kombora la mzinga la vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyokwisha mwaka 1865. Hapa kwetu yalipolipuka maghala ya silaha ya Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009, na ya Gongo la Mboto, tarehe 16 Februari 2011, watu zaidi ya 20 walifariki katika kila mkasa, na mabomu yakaruka mpaka katika makazi ya watu, nyumba na viwanja. Kwa hiyo mtu akiona kitu kama hicho shambani au ufukweni asikiguse, asikigonge, asikipeleke nyumbani kwa ajili ya mapambo wala kwa mnunuzi wa vyuma. Akae mbali na awaite polisi. Kusema kuwa kombora limefishwa ni kazi ya askari mwenye ujuzi peke yake, na hata yeye huliandika katika karatasi akatia sahihi.

Ombi letu ni dogo. Ngome kongwe ya Chake Chake, ile iliyobaki baada ya sehemu yake kubwa kubomolewa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya hospitali, sasa ni Makumbusho ya Pemba. Ndani yake mna vyombo, habari za bahari na habari za tawala. Tungependa humo liwekwe ganda moja la kombora la kifaru kutoka vita vya Kagera, moja tu, lililokaguliwa na Jeshi na kutobolewa tundu. Lisipakwe rangi. Kijibao chake kieleze mihuri ya kitakoni, maana hilo tumejifunza kwa wakusanyaji na ni haki yao. Kisha kieleze kuwa hii ni nusu, na kuwa nusu ya pili ilikwenda Masaka au Lukaya au kwingineko. Kando yake iwekwe picha ya kanisa la Kyaka, na majina ya watu wa Pemba waliokwenda katika vita vile, waliorudi na wasiorudi, yakusanywe shehia kwa shehia wakati wenzao bado wako hai. Kazi hiyo ya majina haihitaji fedha za wafadhili. Inahitaji mtu mwenye daftari na baiskeli, na iwapo atapatikana sisi tuko tayari kumwanzishia orodha kwa majina tunayoyajua ya Wesha.

Ganda la Ami haliwezi kuwa ndilo. Alipofariki sisi tulikuwa Unguja kwa kazi. Arubaini yake ilipokwisha, alipita mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake ya kuning'iniza, na warithi wakampa ganda pamoja na sufuria iliyotoboka na betri ya gari. Lilipimwa kwa kilo kama vitu vingine. Tulipofika kutoa pole tulizikuta zile bakora zimefungwa kwa kamba ya usumba na kusimamishwa kwenye pembe ile ile nyuma ya mlango, na sakafuni bado lilionekana duara la weupe mahali ganda lilipokuwa likikaa.